Shikamoo ya Mbio

Mama Neema mpenzi,

Hamjambo hapo Dar? Huku Kilosa kwa mjomba sisi wazima, mvua imekatika na asubuhi kuna kibaridi. Ile ahadi yangu kwa daktari ya kukimbia nimeianza leo. Nyuma ya nyumba kuna njia ya zege ya enzi za mashamba ya mkonge, inafuata kijito kisha inazunguka hadi ilikoanzia. Nikavaa raba za mtumba ulizonichagulia Manzese.

Kwenye kona ya kwanza alikuwepo Bibi Mwanahawa, jirani wa mjomba, anapukuchua mahindi. Nikamtupia shikamoo bila kusimama. Nilichosahau ni kwamba njia inazunguka. Nilipofika tena pale, nilimkuta amesimama katikati ya njia na ungo wake.

"Marahaba yangu umeniachia mdomoni," akasema. "Unakimbia nini? Kuna msiba?"

"Nakimbia kitambi, bibi."

Akakitazama. "Sasa mbona unakimbia nacho? Kaa."

Nikakaa. Akauliza habari zako, za watoto, hadi za goti la mama yako, na kila nikijibu ananiongezea uji wa karanga. Mbele kulikuwa na wazee wengine wanne niliowatupia shikamoo vilevile, na kila mmoja ana sufuria jikoni.

Daktari mwambie nimekimbia. Ya uji muachie Mungu. Nawakumbuka wote, wewe zaidi. Bibi anakusalimu sana, na jibu lako nimeamriwa nilipeleke kwa kutembea.

Baba Neema