Ngoma Ziliponyamaza

Baba,

Shikamoo. Marahaba yako nimeshaisikia moyoni, basi tuendelee.

Mahindi ya huku Magoma yamekubali mwaka huu. Kiti chako cha kamba bado kipo barazani, hakuna anayekikalia isipokuwa kuku. Nyumba imekuwa kubwa mno. Hamisi, mkwe wako, yuko kwao Handeni. Alisema anakwenda kumsalimia mama yake, na salamu hizo hazijaisha mpaka leo. Anataka watoto, na sasa anaiogopa damu yangu. Ngoja nikueleze kwa nini.

Wamekuja madaktari wa utafiti hospitali ya Korogwe, wanatafuta familia zenye ugonjwa kama wako. Nikaenda. Nilidhani wataniuliza habari za mikono na mabega yako tu, jinsi yalivyokuwa yakirukaruka yenyewe. Daktari, mama mmoja mpole, akaanza kwa kuniuliza kama ulikuwa unalala. Nikamwambia usingizi ulikuhama zamani, hata mikono ilikuwa haijaanza. Akauliza kama ulikuwa na huzuni isiyo na sababu. Hapo nikalia, Baba. Sisi tulikuwa tunasema umenuna. Kumbe ile ilikuwa sonona, nayo ni ugonjwa, na yote hayo yalitoka mahali pamoja, kwenye ubongo, kwa kitu ulichorithi kwa mmoja wa wazazi wako. Hukurogwa. Wala hukuwa mlevi kama walivyokusema, ingawa hilo sikuhitaji daktari aniambie. Mtu mwenyewe hata togwa ikichachuka kidogo alikuwa haigusi!

Nikaikumbuka ile ngoma. Shangazi Mwanaidi alishikilia kwamba una shetani, na shetani huyo anataka kuchezewa. Wapigaji wakaletwa kutoka Kerenge, ukafunikwa kaniki, ubani ukafukizwa. Ulicheza! Wanawake wakapiga vigelegele, shangazi akawa anasema shetani amepanda, amepanda. Kisha ngoma zikanyamaza ili shetani ataje jina lake. Wewe ukaendelea. Hakuna ngoma, hakuna wimbo, mabega yako yanaruka tu mbele ya watu waliokaa kimya. Ukanitafuta kwa macho, ukasema, "Mwanangu, mimi sichezi."

Hakuna aliyekujibu. Mimi nilikuwa mtoto, nilikutazama tu.

Sasa na mimi wamenipima damu. Daktari anasema kila mtoto wa mgonjwa anaweza kurithi au asirithi, nusu kwa nusu. Majibu yangu yako tayari. Ila wana utaratibu wao: majibu haya hupewi peke yako, lazima uje na mtu wako wa karibu.

Mtu wangu wa karibu ni nani, Baba? Hamisi na salamu zake? Shangazi anataka kuwaita tena wale wapigaji, safari hii kwa ajili yangu. Mdogo wangu Rajabu amekataa kupimwa, na kunisindikiza amekataa. Anasema akijua hatalala tena. Lakini macho yake mekundu, nayaona, hata sasa halali. Siku ya Idd tulikuwa tunakunywa chai, bega lake likaruka. Akanitazama haraka kuona kama nimeona, akasema mbu. Nikamwambia kweli, mbu wa Magoma ni wakorofi. Nikachukua vikombe nikaenda kuviosha, maana sikutaka aone uso wangu.

Kila nikimwaza mtu wa kwenda naye, unakuja wewe. Wewe ambaye hupo.

Alhamisi nakwenda. Nitamwomba yule mama daktari ahamishe kiti chake, akae upande wangu wa meza, awe yeye ndiye mtu wangu. Naogopa sana. Mbele ya wengine najifanya jasiri, lakini wewe sikufichi.

Pumzika, Baba. Mungu akupanulie kaburi lako, mwili wako utulie kama ulivyotamani utulie. Ahadi yangu ni moja. Siku Rajabu atakapoishiwa na mbu wa kuwasingizia, akaja kuniambia kwamba hachezi, sitamtazama tu. Hata kama mabega yangu nayo yatakuwa yanaruka, nitamjibu, "Najua, mdogo wangu. Najua huchezi."

Binti yako,
Zaina