Rababendi Haiongei

Mami,

Sijui barua ya kumwandikia mtu aliyekufa huanzwa aje. Ukiwa hai nilikuwa nakutumia tu "umefika?" na wewe unajibu "ndio", na maneno yetu yanaishia hapo. Leo ni Jumapili mchana. Niko hapa Kimbo, kwa hiki chumba ulichosema dirisha lake ni la kuku. Sikuenda kanisa. Nina habari ya kukupa na hakuna mwingine ninayetaka kumpa.

Kwanza, sikulia. Tata Wambui, dada yako, anasema ni ganzi na itaisha. Ananipigia kila jioni kuuliza kama nimekula, namwambia nimekula, na ni kweli. Nakula, naoga, naenda kazi, narudi. Siku tuliyokuzika kule Gatanga watu walinishika mabega wakingoja nianguke, na mimi nilikuwa nafikiria vile viatu vimeshika matope. Usinikasirikie. Gambuti zako ziko nyuma ya mlango na huwa nazipita kama ni za jirani.

Meneja alikuja mazishi. Alileta shada la waridi za shamba letu, na mimi ninayepanga maua kila siku niliona mara moja ni zile za shingo kombo, zile haziendi ng'ambo. Mama Nekesa, mwenzako wa kukata maua, pia aliona. Tulitazamana, na nusura nicheke, kwa sababu nilijua ungesema nini: afadhali hizo, zile nzuri zina oda.

Sasa habari yenyewe. Kabla udongo haujakauka, Mwangi, naibu wako kwenye kamati ya wafanyakazi, alishika maiki akasema kiti cha mwenyekiti hakitoki kwa hii nyumba. Akataja jina langu. Watu wakapiga makofi, wengine wakilia, na mchungaji akasema amina. Hivyo tu nikawa mwenyekiti. Sikukubali na sikukataa. Nilikuwa nimesimama hapo na glasi ya maji ambayo mtu alikuwa amenipa.

Na wewe ndiye uliyeandika katiba ya hiyo kamati, Mami. Uliiandika kwa meza ya jikoni, tukiwa bado tunaishi Thika mjini, mimi nikifanya homuwaki upande ule mwingine. Ulikuwa umetoka kusoma ile katiba mpya ya nchi, kile kitabu kilichogawiwa bure, na ukasema kama hata Rais ameandikiwa siku ya kutoka, mwenyekiti wa wakata maua ni nani. Vipindi viwili, basi. Kura ya siri, na kura ya mtu hata mama yake mzazi asiulize. Majuzi, kipindi chako cha pili kikikaribia kwisha, wenzako walipotaka kufuta hiyo ya vipindi viwili ili ukae, ulikataa. Uliwaambia, "Leo mnanipenda mimi. Kesho mtapenda mtu mbaya, na atakuta mlango mliuacha wazi." Walinuna. Walidhani unaringa.

Mimi nakumbuka zaidi ile kura ya kwanza. Kwa sababu wengine hawakusoma, mlipiga na maharagwe. Mtu anaingia nyuma ya plastiki nyeusi, anaangusha harage lake kwa mkebe wa yule anayemtaka. Supavaisa naye akaja kuegemea hapo nje kama mtu anayeota jua. Kumbe anasikiliza. Mkebe wa kulia ulilia hivi, wa kushoto ukalia vingine. Wiki iliyofuata, wote ambao harage lao lililia upande wako walihamishwa kwa dawa, kubeba mtungi wa kunyunyizia. Siku hiyo ulirudi nyumbani ukaweka sufuria mezani. Halafu ukatoa mfukoni rababendi, zile tunazofungia mafungu ya waridi, ukaziangusha kwa sufuria moja moja, sikio limeinama. Ukaniambia, "Hii haiongei." Tangu hapo tunapiga kura na rababendi.

Basi, hukuwa umekaa sana huko ulikoenda, na mambo ya ng'ambo yakabadilika. Mnunuzi wetu mkubwa amepata maua ya bei ya chini Ethiopia. Mtu hatumjui, hatujawahi kumwona, hatujawahi kumpigia kura, anahamisha oda na kidole, na huku kwetu grinhausi nzima inakosa kazi. Meneja akaniita ofisini. Akanipa chai kwa kikombe cha wageni. Akasema sheria inataka wafanyakazi wahusishwe kabla ya mtu kupelekwa nyumbani, kwa hivyo mimi kama mwenyekiti nitie sahihi tufunge grinhausi ya saba, ile ya vijana waliokuja juzi. Ya nne ibaki. "Ya nne ni ya mama yako," akasema. "Mama Nekesa atakaa, wewe utakaa." Akanisukumia kalamu.

Ningetia, Mami. Sikuwa na ubaya na hao vijana wala sikuwa na huruma nao. Sikuwa na kitu ndani. Mkono ulishaanza kwenda. Kilichonizuia ni neno moja la meneja mwenyewe. Aliona nimekawia, akasema, "Si watu wako walikuchagua kwa makofi?" Na mimi nikasikia ile mikebe. Makofi yanasikika. Mtu akisimama hapo kando anajua nani amepiga na nani ameshika mikono tu. Siku ile ya mazishi, nani angethubutu kushika mikono, na jeneza liko pale? Nikamwambia sitatia sahihi mpaka nichaguliwe na rababendi.

Akacheka. Akasema hii ni dharura, na katiba ya kamati si Biblia. Nikasema najua si Biblia, lakini iliandikwa na mama yangu. Halikuwa jibu, ndilo lililokuwa karibu. Nikamaliza chai kwa sababu ilikuwa na maziwa mengi, nikarudi kupanga maua.

Mwangi alisema nakuaibisha kaburini. Huyo sikumjali. Lakini Mama Nekesa alinifuata mpaka getini. Unamjua, alitoka Bungoma akiwa msichana, mmekata mstari mmoja miaka yote, na ndiye aliyekuosha hospitalini wakati mimi niliogopa kukugusa. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Mtoto wangu, hiyo haki yako tutaipika na nini?" Kalamu ingemwokoa, na mimi niliiacha mezani. Wiki hiyo nilikula lanchi peke yangu kando ya bomba.

Aliyesimama kushindana na mimi ni Kevo wa grinhausi ya saba, yule kijana wa rasta aliyekuwa akikuita shosho na wewe unamwambia wewe si mzee hivyo. Alikuja akaniangalia sana. "Sasa madam, si ungesaini tu? Saa hii tungekuwa tushaenda home. Uko sawa kweli?" Nikamwambia siko sawa, lakini akalete watu wake wapige kura.

Tulipiga saa ya mapumziko. Ndoo mbili, nyuma ya plastiki nyeusi. Supavaisa mpya naye alikuja kuegemea, hao huwa hawafundishwi, wanazaliwa nayo. Akasimama weee, akachoka, akaenda zake. Zamu yangu ikafika. Nikaingia, nikashika rababendi juu ya ndoo, nikaiachilia, nikasikiliza. Hakuna kitu. Kimya kabisa. Na hapo, Mami, ndipo nililia. Nililia mpaka nikashika ukingo wa ndoo nisianguke. Ulikuwa umekufa. Ilikuwa ni kama mtu ameniambia dakika hiyo. Sina mama, na niko nyuma ya plastiki, na watu wako foleni wanataka kurudi kazini. Hakuna aliyeniharakisha. Mama Nekesa ndiye alikuwa nyuma yangu. Aliponisikia akaanza kuimba wimbo wa kanisa, polepole, kisha kwa nguvu, na wengine wakampokea, mpaka kilio changu kikapotea humo ndani. Nilipotoka aliniangalia uso, akaingia. Kura yake sikuisikia.

Nilishindwa, na si kwa kidogo. Kevo ndiye mwenyekiti. Naye alikataa kutia sahihi ya kufunga grinhausi yoyote. Alituita wote, tukagombana kweli, Mwangi karibu avue shati, na mwisho tukakubaliana sote tufanye siku nne badala ya sita mpaka oda zirudi. Meneja amekubali kwa sasa. Sikudanganyi kwamba ni ushindi. Siku nne si sita, na landilodi wa Kimbo hajui siku nne. Mama Nekesa bado anakata waridi, na siku zile zingine anauza mahindi ya kuchemsha Githurai. Ananisalimia, lakini si kama zamani. Na yule wa ng'ambo akiamua tena hatutaulizwa, kwa sababu ndoo zetu hazifiki huko. Hilo ungelikasirikia sana, ungetafuta mahali pa kulipeleka. Mimi sijui mahali.

Ganzi ilirudi kesho yake. Haikurudi yote. Jana mvua ilinyesha, nikavaa gambuti zako. Zinanibana vidole, na nilizivaa hivyo hivyo mpaka jioni.

Sasa nakuaga, maana huwezi kunijibu na nimechoka. Kiti hakiko tena kwa hii nyumba, na hivyo ndivyo ulivyotaka, kiti kisiwe cha nyumba yoyote. Kuna jambo moja tu limebaki. Kila mtu ananiuliza: siku ile nyuma ya plastiki, ulijipigia ama ulimpigia Kevo? Tata Wambui ameuliza. Kevo mwenyewe ameuliza. Najua na wewe ungetaka kujua, ulikuwa unapenda kujua mambo yangu yote, hata yale nilificha. Nilipoanza barua hii nilidhani nitakuambia.

Lakini ni wewe uliyeandika, kwa mkono wako, mimi nikikuona. Hata mama mzazi asiulize. Kwa hivyo sitakuambia, Mami, si leo na si siku tutakapoonana. Nakuahidi hivyo.

Lala.

Njoki wako