Blanketi la Baba si la Kampeni

Kirimi mdogo wangu,

Nakusalimu kutoka Doha, ambako joto limetufungia ndani wiki nzima. Goti la Mama linaendeleaje? Kahawa imechanua? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo umechafuka, na sababu ni wewe.

Picha uliyonitumia niliifungua nikiwa dukani hapa mtaani Al Sadd. Vijana wa mgombea wenu wamejifunga shingoni vipande vya blanketi la Baba! Nilipokupigia simu ukacheka: "Kaka, si wewe uliyetufundisha? Hata Waskoti walikatakata la mkubwa wao, na mpaka leo unawasifu!"

Kirimi, nilikueleza yote, ukashika robo. Acha nirudie polepole. Mwalimu mwenzangu hapa shuleni, mama wa Kiskoti, ana kipande cha kitambaa cha mirabamiraba, kidogo kama kiganja, ndani ya fremu ya kioo. Karibu miaka mia tatu iliyopita, mababu zake walimfuata vitani mwana wa mfalme aliyedai kiti cha ufalme wakashindwa, kisha serikali ya Uingereza ikawapiga marufuku wanaume kuvaa nguo za namna ile. Ndipo wakagawana vipande vya shuka la huyo mwana wa mfalme, mkubwa wao, wakavificha. Walimkatia mtu aliyeshindwa, wasimsahau. Ninyi mmemkatia mtu anayetaka kushinda, ambaye mwezi ujao atalitumia blanketi hilo kupangusia viatu.

Baba alitoka kizuizini kwa wakoloni amejifunika blanketi lile la Kiskoti alilopewa na daktari wa misheni. Hakuwa na kingine. Kila Krismasi waliofungwa naye walikuja nyumbani, na kila mmoja alishika pindo la blanketi hilo kimya kabla ya kugusa chakula. Uliwahi kusikia mtu akiulizwa ni wa chama gani?

Sasa unasema mgombea anakuja Jumamosi kuchukua lililobaki, alivae jukwaani. Hatalivaa! Dada yetu Kagendo anafika kesho kulichukua. Mpe bila ubishi. Na vile vipande vifuate wewe mwenyewe, nyumba kwa nyumba.

Nilimuuliza Mama kama ulimwomba ruhusa. Akasema, "Aliniambia wewe umekubali."

Kirimi! Kabla Kagendo hajafika, kaa na Mama umwambie ukweli.

Nisalimie mkeo, ambaye najua alikukataza. Msalimie pia Mjomba Mutuma, wa mwisho aliye hai kati ya wenzake Baba wa kizuizini. Yeye bado hajajua. Utamwambia wewe, si mimi.

Ni mimi kaka yako,
Gitonga