Taa ya Bandani

Slivovo,
Jumapili jioni.

Kaka Delcho,

Pokea salamu zangu na za mama, na uwafikishie shemeji na watoto hapo Sofia. Mama ni mzima. Magoti yanamsumbua, masikio ndiyo yamekwisha kabisa, ila ulimi haujapungua hata kidogo. Mimi sijatulia. Tangu Alhamisi nazunguka nyumba hii kama kuku anayetaka kutaga, na barua hii nimeianza mara nne.

Alhamisi alikuja Mholanzi mmoja kuikagua nyumba. Mimi nilikuwa bandani nyuma, mama yuko jikoni peke yake. Yule bwana akamuuliza kwa ishara kama ni kweli inauzwa. Mama akatikisa kichwa juu chini, kwa nguvu, yaani hapana kabisa, kama tunavyokataa sisi Wabulgaria sote. Mgeni akafurahi, akambusu mkono, akaenda kupima uwanja kwa hatua hadi kwenye miti ya plamu. Mama alinifuata hadi mlangoni pa banda na mwiko mkononi, akaniuliza ni mwendawazimu gani huyu anayeambiwa hapana halafu anashukuru.

Nilipomfikia huyo Mholanzi alinionyesha karatasi yenye jina lako. Kwa Kibulgaria chake cha kuokoteza akanieleza kwamba umemhakikishia ndugu wote wawili wamekubali, na Jumamosi mnakuja pamoja kutia sahihi. Nilikasirika, kaka, sikufichi. Nilisema huyu Delcho anaiuza nyumba ya baba na mimi ningali hai.

Na nyumba yenyewe hujaiona tangu Pasaka. Mlango wa jikoni nimeung'oa ili mama aone anayeingia. Juu ya jiko nimetundika kioo, akikoroga supu amwone aliye nyuma yake. Meza ndefu ya baba nimeikata nikatengeneza ya duara, tuonane midomo, na masharubu nimenyoa kwa sababu mama alilalamika kwamba anasoma maneno kichakani. Kengele ya lango nimeiunganisha na taa ya kila chumba. Ukibonyeza, nyumba nzima inakonyeza. Jirani Pena anasema tumefungua disko. Waya mwingine nikauvuta hadi bandani.

Taa hiyo ya bandani ndiyo iliyoniumbua. Juzi mama aliitazama, akauliza imewekwa kwa ajili ya nani wakati yeye hajatia mguu humo ndani miaka kumi. Nikajifanya sikumwelewa. Akaniambia nisimfanye mtoto, kwamba siku hizi na mimi namtazama mdomo anaposema, na mwizi humjua mwizi mwenzake.

Basi sasa nakuambia wewe. Miaka ishirini na miwili ya mashine za kiwanda cha nguo imenimaliza masikio. La kulia halisikii kitu, la kushoto linasikia mvumo tu. Nilificha kwa kuwa nilijua utasema viziwi wawili hawawezi kukaa peke yao mlimani. Ndiyo maana kila ukipiga simu nasema ndiyo, ndiyo, sawa kaka, kisha naikata upesi. Mwezi uliopita uliongea kirefu, nikadhani unauliza habari za kuni za majira ya baridi. Nikakujibu ndiyo, usicheleweshe. Sasa nimejua uliuliza nini. Hukunidhulumu, kaka. Mimi ndiye niliyeiuza nyumba ya baba, kwa aibu yangu mwenyewe.

Pena alijitolea akupigie simu, nikakataa. Jambo hili sikutaka ulipate kwa mdomo wa mtu mwingine. Barua nampa dereva wa basi la asubuhi akukabidhi mkononi, pamoja na chupa mbili za pombe yetu ya plamu, rakia ya mwaka huu.

Jibu langu ni hapana. La mama lilishatolewa kwa kichwa. Huyo Mholanzi mfafanulie wewe. Jumamosi njoo peke yako. Usisimame langoni ukaniita kwa sauti kama zamani, utakauka koo bure. Bonyeza kengele. Nitakuwa bandani, naitazama taa.

Mdogo wako akupendaye,
Zapryan