Kopo Langu Limegeuzwa Basi

Baba Candida, na wewe Candida ukitoka shule,

Nimerudi foleni. Maharage yameiva, yaungeni na kitunguu. Mafuta msimalize!

Jana jioni niliacha kopo langu jekundu linishikie nafasi foleni ya sukari, pale duka la ushirika Msimbazi, nyuma ya jiwe la Mama Zamzam. Leo alfajiri nafika, kopo hakuna. Wakaniambia niende mwisho kabisa! Nikamwita Mama Zamzam mwizi mbele ya watu, mama wa watu wala hana habari.

Narudi nyumbani nimefura, nafagia uvunguni kwa Candida, nakuta nini? Basi! Lina madirisha, lina ngazi, lina usukani wa waya. Na ubavuni jina langu, nililolichora mwenyewe kwa msumari! Candida, wenzako wanaanza kuunda magari kwa makopo ya jalalani. Wewe umeanza na lililopanga foleni?

Baba Candida, usicheke. Kandambili yako ya kushoto usihangaike kuitafuta. Ndiyo magurudumu.

~~Basi lenyewe nakwenda kulitupa Jangwani.~~

Silitupi. Nalipeleka foleni, maana lori la sukari halijafika na jina langu bado linasomeka. Nitaliegesha palepale nyuma ya jiwe, nione nani atalisogeza.

Candida, vua sare uje umwombe Mama Zamzam radhi. Njoo na waya. Mlango wa nyuma wa basi haufungiki vizuri, nimeujaribu mara nyingi, na mimi siwezi kuaibika mbele ya foleni nzima.

Mama