Viatu vya Mjomba Wako

Kitinda mimba wangu,

Chai iko kwenye chupa. Kunywa, maana asubuhi umeondoka na njaa kwa makelele yangu. Na nguo uzianue kabla ya mvua.

Vile viatu sikuvipiga rangi kwa ajili yako, bwana mkubwa! Ni vya mjomba wako, askari aliyefia vitani. Kila mwaka, siku kama ya leo, naving'arisha na kuviweka mlangoni hadi jioni. Sijawahi kumwambia mtu, sasa wewe ungejuaje? Nilipoona umetumbukiza mguu, nikapandwa na hasira.

~~Usiviguse tena.~~

Vimekukaa sawasawa. Nikirudi kutoka kazini nikukute umevivaa. Tembea sebuleni mara moja tu, nisikie tena hatua za kaka yangu.

Mama yako, mwenye makelele