Kanyagio Chini ya Meza ya Taghreed

Firq, Nizwa
Jumatano, 8 Oktoba 2003

Mpendwa dada yangu Kuruthum,

Shikamoo. Tena nakupa na shikamoo ya pili, uiweke akiba, maana mbele huko nitaihitaji. Natumai barua hii itakukuta huna homa, huna mafua, na hujakasirika. Hayo mawili ya mwanzo namwachia Mungu. Hilo la tatu nitalishughulikia mwenyewe.

Sisi huku alhamdulillahi. Goti langu la kulia linanuna asubuhi kama mkwe aliyenyimwa halwa, lakini likishapata jua linanisamehe. Wifi yako Mabruka hajambo, bado ananipikia na bado ananisema, yote kwa chumvi ileile. Shemeji Khelef nimesikia ameweka friji jipya dukani. Mwambie wapita njia wa kwenda Sur wanywe soda, maji hayana faida.

Utauliza kwa nini nisipige simu. Dada, ningepiga ungenikatia katikati, kabla sijafika penye utamu. Barua haikatiki. Nampa mwanangu Maen kesho akija huko Al Kamil, na nimemwambia asikupe mpaka umalize kula. Na usishangae kwamba safari hii maandishi yangu yamenyooka na hayapandi ukutani kama mchwa. Nalo utaelezwa.

Sasa nikae vizuri, maana nina habari!

Unajua mjukuu wangu Taghreed, binti wa Maen, alivyorudi kutoka Muscat na shahada yake ya kompyuta. Ofisi moja ndogo hapa Nizwa ikamwambia: tutengenezee programu ya zamu za maji ya falaji, ule mfereji wa mashamba, nani anaufungua kwenye mitende yake saa ngapi, na akifa nani anarithi nusu saa yake. Ukiwafurahisha wazee wa falaji, kazi ni yako. Ukiwachosha, ahsante, kwaheri. Akapewa miezi mitatu, akaikubali kazi kama mtu aliyepewa harusi.

Akaanza. Anaandika asubuhi, anaandika adhuhuri, anaandika huku anakula. Mwezi wa pili mkono wa kushoto ukamgomea. Kidole cha mwisho kikawaka moto, kifundo kikavimba, asubuhi hawezi kufunga kifungo cha nguo. Daktari akamwambia aupumzishe mkono ule miezi mitatu. Miezi mitatu, na kazi imebakiza wiki tano! Maen, mwanangu yule mwenye kichwa cha jiwe, akasema basi, aache, akafundishe shule, kompyuta haijawahi kumvunja mwalimu mkono. Taghreed akainuka. Alikwenda chumbani akafunga mlango, na siku hiyo, dada, sikusikia vitufe. Nyumba ikawa kama imefiwa.

Nikabisha hodi na kahawa. Nikamwambia sikuja kumpa pole, nimekuja kuangalia mashine inayopiga watoto wangu. Akacheka kidogo kwa pua. Nikajua nimeingia.

Akanionyesha. Hiyo programu anayoandikia, Kuruthum, haina picha za kubofya. Kipanya kimelala pembeni na vumbi lake. Kila kitu ni vitufe: ukitaka kufuta mstari unashika kitufe cha pembeni kiitwacho Kontroli na kubonya herufi, ukitaka kuhifadhi unakishika tena, kuruka neno unamshika jirani yake, Alti. Mimi siku ya kwanza niliachiwa nijaribu, nikashindwa hata kutoka. Kila nikibonya inaniuliza jambo. Mwishowe nikaenda kuzima umeme wa nyumba nzima. Mabruka alikuwa anapiga pasi buibui la kuendea harusini, na mpaka leo sijarudishiwa heshima yangu.

Lakini sikiliza maajabu yake. Programu hiyo ina faili moja la mipangilio, na mwenye kuitumia anaiandikia humo mwenyewe: kitufe hiki kifanye hivi, kile kifanye vile, na kama hakuna cha kufanya ninalotaka, nakitunga. Ni kama nyumba ambayo ukiwa umekaa ndani unaweza kuhamisha mlango! Mimi nimejenga nyumba mbili na zote mbili mlango uko upande wa jua. Nikamuuliza yeye mlango wake ameuweka wapi. Akasema faili lake ni la kunakili kwa rafiki, hakuwahi kupata nafasi ya kulipanga.

Hapo ndipo nikamkumbuka mama, Tabora, ukumbini.

Unakumbuka alivyokaa? Mkasi kulia, uzi kushoto, chaki sikioni, pini mdomoni. Hakuwa ananyoosha mkono kutafuta kitu. Mimi nilipotolewa shule darasa la nne, kwa kosa ambalo mwalimu alilikuza mno, kazi yangu ya kwanza aliyonipa ilikuwa kukaa kwenye kigoda na kumwangalia, nimwambie kila mara anapoinuka kutafuta kitu. Jioni kile alichokiinukia sana kinahamishiwa karibu. Ndivyo alivyoweza kushona kanzu mbili kwa siku, na mimi ndivyo nilivyojifunza kumtazama mtu mpaka akakasirika.

Nikamwambia Taghreed afungue programu yake, aandike kidogo tu, polepole, niketi nyuma yake. Nikachukua sahani ya kokwa za tende. Kila akibonya Kontroli, kokwa moja naitupa bakulini. Alti, kokwa kwenye kikombe. Akaniambia babu unanitia wazimu. Nikamwambia wazimu wa kwenu ni wa kurithi, andika. Kabla ya adhana ya adhuhuri bakuli lilikuwa na kokwa mia nne na kumi na mbili, zote za kidole kile kimoja, cha mwisho, kilicho dhaifu kuliko vyote! Mabruka alipoingia akadhani nimekula tende zote hizo, akaanza kunisomea sukari yangu.

Taghreed alilitazama bakuli, halafu akaruka. Wallahi aliruka! Akafungua lile faili akaanza kuhamisha milango. Amri anazotumia sana akazileta chini ya vidole vyenye nguvu. Neno refu la falaji analoliandika mara mia akalipa herufi mbili, akizibonya linajaa lenyewe. Mimi napiga makofi nyuma kama mpira umeingia. Siku tatu tulikaa hivyo, yeye anapanga, mimi nahesabu, na kila siku bakuli likapungua. Mia nne ikawa mia mbili na kitu. Lakini hapo ikagoma. Kontroli na Alti hazikwepeki, na kidole bado kinauma.

Nikamuuliza miguu yake inafanya nini muda wote huo. Akasema haifanyi kitu. Nikamwambia basi mama angeona aibu, mtu ana miguu miwili mizima na anamtuma kidole.

Nikachukua kibodi chake kwapani mpaka kwa Harub, yule fundi wa umeme wa magari hapa karakana za Firq, ambaye hajawahi kuniambia jambo haliwezekani, ila huniambia mimi ndiye nisiyewezekana. Nikamweleza nataka kanyagio: ukilikanyaga, kompyuta idhani umebonya Kontroli. Akafungua kibodi, akakichungulia kama jino bovu, akalehemu nyaya mbili chini ya kile kitufe. Mwisho wa nyaya akafunga kanyagio la klachi la lori. Tukalipeleka nyumbani kwa takbira. Taghreed akakanyaga kwa nguvu, kiti chake kina magurudumu, akaondoka nacho kinyumenyume mpaka kabatini. Nilicheka mpaka nikatolewa chumbani.

Kesho yake nikarudi kwa Harub na kanyagio jingine. La chuma, pana, jepesi, limetobolewa maua, linalocheza mbele na nyuma bila kelele. Limetoka wapi tutafika, usiniharakishe. Harub alipolipima akapiga kelele: lina pande mbili! Ukibonyeza kwa vidole vya mguu linainama mbele, ukibonyeza kwa kisigino linainama nyuma. Akaweka swichi mbili. Vidole, Kontroli. Kisigino, Alti.

Ah, Kuruthum! Ungemwona! Siku ya kwanza alipapasa kama mwanafunzi wa baiskeli. Siku ya tatu mguu ukajua njia. Wiki ya pili uvimbe umeshuka, nyumba imejaa sauti, vitufe juu, tiki-taka chini, na mtoto anaimba. Maen akapita mlangoni, akasimama, akauliza nani anashona. Akajijibu mwenyewe, akaenda zake bila kusema habari ya shule.

Mimi nami sikubaki nyuma. Nilimwomba anifundishe lile faili, akanifundisha, na siku moja hayupo nikaliandikia mstari wangu. Nilisahau kufunga bano moja. Programu nzima ikakataa mipangilio yote, vitufe vikarudi vilivyokuwa, na ilikuwa zimebaki siku mbili. Alinitafuta nyumba nzima na ubao wa kukatia nyama. Alipolifunga lile bano na kuona nilichoandika, hakukifuta. Ni neno moja tu, linatokea chini ya kioo kila programu ikifunguliwa: Umekula?

Unajua ni neno la nani. Mama alikuwa analisema bila kuinua macho, mguu haujasimama.

Siku ya wazee ikafika, Jumamosi iliyopita. Wazee kumi na moja, na msimamizi wa falaji, na wakubwa wa ofisi, na picha ya kompyuta imetupwa ukutani, kubwa. Mimi niliingia kwa kujidai fundi wa kanyagio. Taghreed akafungua, na ukutani, kwa herufi kubwa: Umekula? Msimamizi akauliza hiyo ni lugha gani. Kabla Taghreed hajajibu, mzee mmoja wa nyuma aliyekulia Bujumbura akajibu kwa sauti kwamba hajala, na kama kuna mpango wa chakula uharakishwe. Chumba kikacheka, na moyo wangu ukarudi mahali pake.

Kisha mzee mmoja mkavu akaleta mtego. Akasema kwao zamu hubadilishana majira ya joto na baridi, usiku huwa mchana, na mashine hiyo haijui. Kweli ilikuwa haijui. Taghreed hakubisha. Alisema apewe muda wa kahawa. Akashusha mguu juu ya kanyagio, akaandika mbele yao, mistari inaruka ukutani, mikono haiondoki mahali pake, chini tiki-taka, tiki-taka, na birika halijamaliza mzunguko wa pili, zamu zikageuka. Yule mzee akaitafuta zamu ya babu yake, akaikuta alfajiri, inapostahili, akavua miwani akaifuta. Kazi amepewa, dada! Anaanza mwanzo wa mwezi ujao! Na mkono hauumi!

Sasa shikamoo ile ya akiba naomba uitoe.

Kanyagio lile ni la cherehani ya mama. Ndiyo, hiyo. Uliyorithishwa wewe, niliyokuwekea miaka kumi na minane kwa sababu nyumba yenu ilikuwa ndogo, halafu kwa sababu mkanda umekatika, halafu kwa sababu sindano imeagizwa. Uongo wote ule ulikuwa wangu. Nilikuwa sitaki itoke ukumbini kwangu, basi. Sasa umesema unakuja Idi kuichukua, mjukuu wako Ibtihal aanze kushona, na mimi sina cha kukupa kilicho kizima. Bolti zilishika kutu. Nilizikata kwa msumeno mwenyewe, mguu mmoja wa chuma ukapasuka, na Harub anasema chuma cha zamani kile hakiungiki. Sikukuuliza kwa sababu nilijua utakataa, na ningekuwa wewe ningekataa pia.

Kichwa chake ni kizima, nimekitia mafuta, kimefungwa kwenye shuka. Nitamtafutia Ibtihal meza na mota, ashone. Lakini najua si hicho ulichokuwa unakitaka. Ulitaka uweke mguu pale mama alipoweka.

Basi njoo. Njoo kabla ya Idi ukitaka kunipiga mapema. Taghreed ameniambia kanyagio ni lako, ukilitaka atalifungua kwa mkono wake na kurudi kwenye kidole. Alisema hivyo bila kulia, mimi ndiye niliyelia kidogo, usimwambie Mabruka. Ila kabla hujalichukua, kaa ukumbini saa nne asubuhi, mlango wa chumba chake ukiwa wazi, ufumbe macho. Halafu uamue. Utakaloamua, sitabisha, na unajua hilo kwangu ni muujiza.

Shemeji Khelef msalimie, Ibtihal mbusu, na majirani wa kushoto wasalimie pia ijapokuwa mbuzi wao alikula kofia yangu.

Barua hii nimeiandika kwenye programu ya Taghreed, kwa vidole viwili na mguu mmoja. Ndiyo maana imenyooka. Mguu wangu uko hapo sasa hivi, juu ya maua yale ya chuma, yamelika katikati, umbo la unyayo mwembamba ambao si wangu. Nilipoifungua programu kuandika, chini ya kioo ikaniuliza kama nimekula.

Nimekula, dada. Lakini chakula hakitashuka mpaka ujibu.

Mdogo wako, mwizi wako,
Marzouq